Kupe na Sakafu ya Bi Mkubwa

Kupe wa kwanza nilimkuta ukutani, karibu na swichi ya taa, anapanda bila haraka kama mpangaji aliyekwisha kulipa kodi. Nilidhani ni mbegu ya tikiti imegandia pale. Nikanyoosha kidole niiondoe, ikatembea. Nikavua kandambili nikampiga, akaanguka, akaendelea na safari yake sakafuni. Siku hiyo nilikuwa nimesimama dukani tangu asubuhi nikiuza ndoo na mabeseni kwa jumla, miguu imevimba, sikuwa hata na nguvu ya kumkasirikia mdudu. Nikamfunika kwa kikombe nikakaa kitandani.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, mitaa michache kutoka Msimbazi, moja ya nyumba za chini zilizobaki Kariakoo. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa, jua tunaliona uani mchana tu linapopita katikati. Korido moja, vyumba huku na huku, mwisho wa korido ua wenye jiko na choo. Mwenye nyumba ni mwanamke wa Pwani, mjane, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa. Mimi ni Mchaga. Nilikuja kupanga nikiwa mke wa mtu, wanangu wamezaliwa humo, wamekua humo, wameondoka, mume amefariki, mimi nimebaki na vyumba vyangu viwili. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama yangu akiwa mbali Kilimanjaro, ni Bi Mkubwa aliyenikanda kwa maji ya moto huku nikimtukana kwa maumivu. Hajawahi kunikumbusha yale matusi.

Sasa, Bi Mkubwa alikuwa na vita na wanawe. Si vita vya kelele. Wanakaa Mbezi, wana nafasi zao, na mkubwa wao, mtu wa rika langu, kila akija alisema lile lile: “Mama, umri umeenda. Njoo ukae na sisi, hapa tupajenge.” Kupajenga maana yake ni kubomoa nyumba na kuinua ghorofa kama wenzao. Na Bi Mkubwa hakuwa akibishana naye. Alimwonyesha sakafu. Sakafu ya korido ile ni saruji nyekundu ya zamani, ameipaka nta na kuisugua kwa kumbi la nazi miaka nenda rudi, mpaka ukiinama unaona kivuli cha uso wako. “Asiyejiweza anaweza hii?” anamuuliza mwanawe. Kijana wa watu anavua viatu, anatembea na soksi, anakunywa chai, anarudi Mbezi. Ile sakafu ndiyo iliyokuwa inamweka Bi Mkubwa pale, na alipokuwa yeye ndipo tulipokuwa sisi wapangaji wote. Siku atakayoondoka, sote tunatafuta pa kwenda. Hilo kila mtu alilijua, hata yule muuza mitumba wa chumba cha mbele ambaye hajui kingine chochote.

Kwa hiyo unaweza kuelewa kwa nini kupe mmoja alininyima usingizi. Mbwa alikuwa wangu.

Na mbwa kwenye nyumba ya Kiislamu, jamani, ni habari ndefu. Mume wangu ndiye aliyemleta, baada ya wezi kuruka ukuta na kubeba sufuria za watu zikiwa na wali ndani. Bi Mkubwa alifikiri, akasema akae huko huko nyuma ya jiko, bakuli lake asichangie mtu, na asikanyage korido. Mbwa akaelewa kuliko wapangaji wengine. Akifika kwenye kizingiti cha korido anasimama, anakutazama, anarudi. Lakini kupe hawakupewa masharti hayo.

Siku chache baadaye Bi Mkubwa aliniita chumbani kwake. Nilimkuta amesimama pembeni ya msala wake, ameshika mikono kiunoni.

“Mchaga,” akasema, “njoo umwone mgeni wako. Amekuja kuswali.”

Alikuwa kupe, katikati ya msala, amenona. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikaanza kuomba radhi, nikasema mbwa nitamwondoa leo leo, nitampeleka popote. Akanikatisha.

“Mbwa ana kosa gani? Wewe niondolee hawa wadudu kabla ya hitima. Wanangu wakiwaona, nimekwisha. Watasema mama analala na kupe, na hapo sitakuwa na mdomo.”

Hitima ni ile dua ya kila mwaka ya marehemu mumewe. Shehe anakuja, watoto wa madrasa wanakuja, ndugu wanakuja, wanakaa kwenye mikeka toka barazani mpaka uani, wanasoma, wanakula pilau. Ilikuwa bado mbele kidogo, lakini si mbali. Nikasema, Bi Mkubwa, niachie mimi.

Niachie mimi! Mtu mzima husema maneno mengine kwa sababu tu amezoea kuyasema. Nilimpaka mbwa mafuta ya taa, akawashwa, akaninunia. Nilinunua unga wa dawa kwa machinga, ule anaouza kwa kipaza sauti, panya, mende, kunguni, sisimizi, wote kwa mkupuo mmoja. Kupe hawakuwemo kwenye wimbo wake na hawakujali. Mwisho nikafanya jambo nililoliona la akili sana: nikamhamishia mbwa kwenye stoo yangu ya mabeseni kule dukani, nikidhani kupe watamfuata au watakufa njaa. Weee! Asubuhi ya pili niliamka na mmoja nyuma ya sikio. Muuza mitumba akaamka na wawili, akanionyesha pale walipokuwa, mahali ambapo sikuhitaji kuonyeshwa.

Hapo nikaita watu wa dawa wenyewe. Alikuja bwana mmoja wa makamo mwenye ovaroli, buti na mtungi mgongoni. Zamani alikuwa bwana mifugo huko bara, akiogesha ng'ombe kwenye josho, kabla hajaja mjini kupiga dawa kwenye nyumba za watu. Alipenda kusema, yule bwana! Nilikuwa nimechoka, nataka apulize aende, yeye anataka kufundisha. Alianza kwa kuniuliza mbwa yuko wapi. Nikamwambia nimemhamisha. Akacheka mpaka mtungi ukatikisika.

“Mama, umewanyang'anya chakula, unategemea wafanye nini? Wanageukia kilichobaki. Mrudishe mbwa. Tukimtibu, yeye ndiye mtego wetu.”

Akawasha tochi, akaanza kutuonyesha nyumba yetu wenyewe kana kwamba hatujawahi kuiona. Kupe wa mbwa, alisema, hakai kwenye mbwa muda wote. Akishiba anashuka, anatafuta ufa, anapanda ukuta, anataga mayai huko. Akachomeka waya kwenye ufa wa plasta kandokando ya korido, akautoa na kupe wadogo wadogo wengi, wa rangi ya kahawia. Bi Mkubwa alijifunika mdomo kwa upande wa mtandio. Ukuta ule ulikuwa umekaa hapo miaka yote tukiuegemea.

Alipuliza kila ufa, chini ya vizingiti, nyuma ya makabati, dari ya jiko, na kule nyuma alikolala mbwa. Mbwa mwenyewe, nilipomrudisha, alimdondoshea dawa katikati ya mabega, akamkagua masikio na katikati ya vidole, akamtoa kupe kwa kibanio, akimshika karibu na ngozi na kuvuta moja kwa moja, bila kumminya wala kumchoma na kiberiti kama tulivyokuwa tunafanya sisi. Akatuambia tuzibe nyufa kwa saruji baadaye, tutoe maboksi na matambara yaliyorundikwa uani, tufyeke yale majani yaliyoota nyuma ya choo, na mbwa atiwe dawa kila mwezi hata kama hatumwoni kupe. Halafu akasema lile neno.

“Na msideki. Majuma mawili, kandokando ya sakafu na chini ya kuta msiguse maji. Katikati fagieni, mkishindwa futeni basi. Dawa ikikauka haina neno kwa watu, lakini mkiiosha mmeitupa. Mayai yataanguliwa, na watoto wao lazima wapite juu yake.”

Sote tukaitikia ndiyo, tukamshukuru, akaenda zake.

Sasa wewe usiyewahi kukaa nyumba ya kupanga Kariakoo huenda usijue. Korido ina zamu. Leo chumba hiki, kesho chumba kile, na kukicha korido isikutwe kavu. Mtu anaweza kukosa kodi akasamehewa, lakini akilala zamu yake ya deki atasemwa mpaka na watoto. Na dawa ilikuwa imeacha ukungu mweupe chini ya kuta, kama chumvi iliyokaukia. Asubuhi iliyofuata nilisikia maji. Nikatoka mbio nikiwa na kanga. Bi Mkubwa, ameshaswali alfajiri, ameinama na tambara, sabuni inatoa povu, anasugua kandokando ya ukuta.

“Bi Mkubwa! Tumekatazwa!”

“Nimepitisha kidogo tu,” akasema bila kuinua kichwa. “Siwezi, Mchaga. Nilijaribu. Nimekaa kitandani nikiitazama mpaka mkono ukawasha.”

Kesho yake mwenye zamu akaona Bi Mkubwa kadeki, yeye nani asideki? Na wa kesho kutwa hivyo hivyo. Mimi zamu yangu ilipofika niliacha, na nikaamka kukuta muuza mitumba amenidekia kwa kunihurumia, akidhani naumwa. Nilimshukuru. Ningefanya nini? Usafi wenyewe ndio uliotumaliza.

Kupe wakarudi wakiwa wadogo, wengi, wepesi wa kutembea. Na hitima sasa ilikuwa imekaribia.

Yule bwana wa dawa alikuja tena, na safari hii hakucheka. Alipitisha kidole chini ya ukuta, akakinusa. “Sabuni,” akasema. “Sabuni nzuri, hata inanukia.” Akatutazama mmoja mmoja. “Mkideki tena msiniite. Iteni watu wa kubomoa.” Akapuliza upya, akamtia mbwa dawa, akaondoka bila hotuba. Nikahesabu kichwani, nikaona hitima itaangukia katikati ya yale majuma tusiyotakiwa kudeki.

Nilimfuata Bi Mkubwa jikoni. Nikamwambia, tudeki siku ile moja tu, wageni wakiondoka tumwite tena apulize. Nilishakata tamaa, nilitaka tu iishe. Yeye alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakusimama.

“Hapana. Mtoto wa watu akae kwenye mkeka wangu, arudi kwao na kupe sikioni, hitima ya mume wangu? Mtaa mzima utanizungumza. Bora waone vumbi.”

“Na mwanao je? Akiona sakafu?”

Akapepeta mchele. “Funika kombe mwanaharamu apite. Tutatandika mikeka mingi.”

Basi mvua nayo ikaamua kunyesha. Mvua ya masika ya Dar, unaijua, barabara zote Kariakoo zinageuka tope jeusi, na kila mpangaji anaingia nalo. Tulifagia kavu kavu. Tope likikauka unalifagia linakuwa vumbi, vumbi linakaa juu ya nta, nta inapoteza uso. Bwana wa dawa alisema katikati mnaweza kufuta, lakini korido yetu ni nyembamba, katikati yake ndiyo kandokando yake. Kila asubuhi Bi Mkubwa alitoka baada ya swala, akasimama mlangoni pake akiangalia chini, akarudi ndani. Nilimwonea uchungu. Nilijionea uchungu na mimi pia, maana kila nilipopita pale nilimwona mbwa wangu kwenye kila alama ya tope, ingawa mbwa hakuwahi kukanyaga.

Siku ya hitima tulitandika mikeka kila mahali, ya kwetu na ya kuazima. Lakini mikeka haifiki kila kona, na watu wana miguu. Mwanawe mkubwa alifika mapema na gari la vyakula. Akavua viatu mlangoni kama kawaida yake, akakanyaga, akasimama. Akageuza unyayo, akatazama soksi. Nilikuwa nimebeba sinia la tende, nilimwona waziwazi. Akavaa viatu tena, akaingia navyo.

Nadhani nilijua pale pale.

Kisomo kilikwenda vizuri. Watoto walisoma kwa sauti, shehe akaomba dua, pilau ikaliwa, hakuna aliyejikuna. Kwa upande wa kupe tulikuwa tumeshinda. Wageni walipopungua, mwana akamkalisha mama yake uani, kwenye kigoda karibu na jiko. Mimi nilikuwa naosha masufuria hatua chache tu kutoka pale, na hawakunifukuza, kwa kuwa mimi ni mtu wa nyumbani.

“Mama, kuna nini?” akamuuliza taratibu. Hakuwa na ukali hata chembe, na hilo ndilo lililoniumiza. “Sijawahi kuiona nyumba hivi tangu nizaliwe.”

Bi Mkubwa akatazama mikono yake. “Nimechoka, baba,” akasema. “Nimechoka tu.”

Nilielewa anafanya nini. Akitaja dawa atataja kupe, akitaja kupe atamtaja mbwa, akimtaja mbwa atakuwa amenitaja mimi. Ananifichia aibu yangu kwa kujivika ya kwake. Nikaacha sufuria, nikasimama na mikono yenye masizi.

“Si kweli!” nikasema. “Kaka, mama yako hajachoka. Tumepiga dawa ya kupe, tumekatazwa kudeki. Kupe ni wa mbwa wangu. Mama yako angeweza, sakafu hii angeing'arisha kesho. Nilaumu mimi.”

Mwana alinigeukia polepole. “Kupe?” akasema. “Dada, unaniambia mama yangu amekuwa akilala na kupe?”

Khaa! Bi Mkubwa akafumba macho.

“Nani alikuuliza wewe?” akaniambia kwa sauti ndogo, wala hakuwa na hasira.

Mwana akainuka. Alimbusu mama yake mkono, akaondoka na soksi zake chafu ndani ya viatu. Juma lile lile alirudi na wadogo zake, wakakaa chumbani kwa mama yao, mlango umefungwa. Walipotoka, Bi Mkubwa akatuita wapangaji wote barazani, akatutangazia mwenyewe. Anahamia Mbezi. Nyumba itajengwa. Tumepewa muda wa kutosha kutafuta mahali, tusikimbizwe. Alisema yote hayo ameketi wima, mtandio wake umenyooka. Muuza mitumba alilia kabla yetu.

Nilizunguka mjini kutafuta chumba, Ilala, Buguruni, mpaka Tandika huko. Kila mahali wakisikia mbwa wanatikisa kichwa. Nikirudi jioni nilimkagua masikio na vidole, nikimlaani na kumbembeleza kwa pamoja. Hakuwa na kupe hata mmoja. Ukutani pia hakuna. Yale majuma yalishapita na tungeweza kudeki tungependa, lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa zamu tena.

Siku moja kabla hajaondoka niliingia chumbani kwake kumsaidia kufunga vyombo. Ilikuwa baada ya adhuhuri, mvua imekatika, ua umejaa mwanga. Tulifunga vikombe kwenye magazeti. Kile kitu kilikuwa kimenikaa rohoni tangu hitima, nikaona nikikinyamazia nitakufa nacho.

“Bi Mkubwa, nisamehe. Siku ile ulinisitiri, mimi nikaharibu. Ulisema umechoka ili nisiaibike.”

Akasitisha mikono, akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza jambo dogo.

“Mchaga wangu, mimi nilisema nimechoka kwa sababu nimechoka.”

Niliweka kikombe chini.

“Hii sakafu unadhani naipenda?” akasema. “Mgongo hauna kitu. Magoti yamekwisha tangu marehemu yu hai. Nilikuwa nasema, nikiondoka mimi, hawa watakwenda wapi? Wewe na wanao, yule na mitumba yake. Nikasema nitie nguvu kidogo, watoto wa Mchaga wakue. Wakakua. Nikasema basi mwaka mmoja. Na mwingine.” Akachukua kikombe kingine, akakizungushia gazeti. “Siku zile tulizokatazwa kudeki, mwanangu, ndizo siku za kwanza nimepumzika ndani ya nyumba hii. Nilikuwa natoka asubuhi, naiangalia ilivyo chafu, narudi kulala.”

Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi, nikaweka kichwa kwenye goti lake. Akaniwekea mkono kichwani, mkono mzito, akauacha hapo. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya alasiri, akaniomba nimpe mkono asimame.